Kamera Mbele ya Lango: Nani Anakataza, na kwa Sheria Ipi?

 Mazungumzo ya leo yanahusu jambo linalowapata watu wengi wenye kamera au simu katika miji ya Afrika Mashariki, nalo ni kusimamishwa na askari au mlinzi kwa sababu ya kupiga picha mahali ambapo kila mtu anapita. Swali litakaloongoza mazungumzo haya ni jepesi kulitamka, ingawa jibu lake lina matawi mengi: mlinzi anapomwambia mpita njia kwamba hapa hapapigwi picha, katazo hilo limetoka wapi, linaishia wapi, na ni nani aliyelitia kinywani mwake?

Kabla ya kwenda mbali inafaa aina za mahali zielezwe, kwa kuwa ugomvi mwingi wa mlangoni huzuka kutokana na kila upande kuwa na picha yake ya mahali penyewe. Mahali pa umma, katika mazungumzo haya, ni ardhi ambayo mwananchi ana haki ya kuwepo bila kumwomba mtu ruhusa, kama vile barabara, njia ya waendao kwa miguu, bustani ya mji na ufuo wa bahari. Mahali panapoingiwa na umma ni jambo jingine, kwani duka kubwa, ukumbi wa hoteli, kituo cha mafuta na hospitali ya binafsi huwakaribisha watu wote, lakini huwakaribisha kwa masharti ya mwenye mali, na sharti mojawapo linaweza kuwa kwamba picha zisipigwe. Mwenye duka anayeweka sharti hilo hahitaji sheria ya Bunge, kama vile mwenye nyumba asivyohitaji sheria ya Bunge ili kumwambia mgeni asivute sigara sebuleni, na mgeni anayekaidi anaweza kuombwa atoke. Aina ya tatu ni mahali panapolindwa kisheria, yaani pale ambapo Serikali yenyewe imetamka kwa maandishi kwamba kuingia, kuchora au kupiga picha bila idhini ni kosa, na hapo ndipo penye kambi za jeshi, magereza, baadhi ya mitambo na makazi ya viongozi wakuu.

Je, msikilizaji ameona tofauti iliyopo? Katika aina ya kwanza mwananchi ana haki, katika aina ya pili ana ruhusa, na katika aina ya tatu hana haki wala ruhusa mpaka apewe. Mlinzi anayesimama getini mara nyingi hakuelezwa tofauti hiyo, kwa hiyo huchukua katazo la aina ya tatu akalihamishia kwenye aina ya pili, kisha akalivusha barabara hadi kwenye aina ya kwanza.

Mfano wa kila siku utasaidia. Mwanafunzi wa usanifu wa majengo katikati ya Nairobi anasimama upande wa pili wa barabara, ng'ambo ya jengo refu la ofisi ambalo anataka kulichora baadaye, anainua kamera, na kabla hajapiga picha ya pili mlinzi mwenye sare ya kampuni amekwisha kuvuka barabara, ameacha lango lake wazi, na anamtaka afute alichopiga. Mwanafunzi yumo katika barabara ya umma, jengo linaonekana na maelfu ya wapita njia kila siku, na mlinzi ameajiriwa na kampuni inayolipwa na mwenye jengo. Mamlaka ya mlinzi yanaishia kwenye ukuta wa mwajiri wake, lakini hapa yamevuka barabara pamoja naye. Mambo ya namna hiyo hutokea pia Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, na jibu analopewa mwenye kamera, akiuliza sababu, karibu siku zote ni lile lile, kwamba ni kwa ajili ya usalama.

Usalama si neno la kupuuzwa, na mazungumzo haya hayakusudii kulipuuza. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, na watu zaidi ya 200 wakauawa, wengi wao Nairobi, na wengi kati ya hao walikuwa wafanyakazi wa ofisi, wapita njia na abiria wa mabasi ambao hawakuwa na lolote na ubalozi huo. Miaka miwili baadaye, mwezi Oktoba 2000, Ali Mohamed, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa Misri na baadaye wa Marekani, alikiri mbele ya mahakama ya New York kwamba mwishoni mwa mwaka 1993 alitumwa Nairobi kuchunguza majengo ya kigeni, kwamba alipiga picha za ubalozi na kuchora michoro, na kwamba picha hizo zilipofikishwa Khartoum, Osama bin Laden aliitazama ile ya ubalozi na kuonyesha mahali ambapo lori lingeweza kupenya. Kwa hiyo mlinzi wa Nairobi anapoiogopa kamera, haogopi kivuli. Mji huo unajua, kuliko miji mingi duniani, kwamba picha iliyopigwa barabarani iliwahi kutumika kuandaa mauaji, na shambulio la kigaidi kwenye maduka ya Westgate la Septemba 2013 pamoja na lile la hoteli ya Dusit la Januari 2019 yaliiongeza hofu hiyo.

Hata hivyo, mfano huo wa 1993 unapaswa kusomwa hadi mwisho wake. Tume iliyoundwa na Serikali ya Marekani chini ya Admirali William Crowe, ambayo ilitoa taarifa yake Januari 1999, ilionyesha udhaifu wa jengo la Nairobi kuwa ni kukaa karibu mno na barabara, pasipo nafasi ya kutosha kati ya ukuta na magari yanayopita. Dawa iliyochaguliwa baadaye ilikuwa ni kuuhamishia ubalozi Gigiri, ndani ya kiwanja kikubwa ambamo jengo liko mbali na njia ya magari. Yaani wale walioumia zaidi, walipokaa chini kutafakari, waliweka tumaini lao katika umbali, kuta na ukaguzi wa magari. Kamera ya mpita njia haikuwa ndio ugonjwa uliotibiwa. Tena tangu mwaka 2005, programu ya Google Earth ilipotolewa kwa watu wote, paa la karibu kila jengo kubwa la Afrika Mashariki linaweza kutazamwa na mtu aliyekaa nyumbani kwake nchi yoyote, na hakuna mlinzi awezaye kuvuka barabara ya aina hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mtu mwangalifu ataliona akisimama kwa saa moja mbele ya jengo lolote linalolindwa. Watalii watatu wanajipiga picha kwa simu na jengo likiwa nyuma yao, hakuna anayewauliza. Bibi harusi na wapambe wake wanapiga picha kwenye ngazi, mlinzi anatabasamu. Lakini anapotokea mtu mmoja mwenye kamera kubwa na kiweko cha miguu mitatu, huyo ndiye anayesimamishwa. Mchunguzi mwenye nia mbaya angechagua nini kati ya hivyo viwili? Bila shaka angechagua simu, na angetabasamu pia. Kwa maneno mengine, katazo linamwangukia anayeonekana waziwazi, naye anaonekana waziwazi kwa sababu hana cha kuficha.

Baada ya kusema hayo kuhusu hofu, inafaa sasa kuitazama sheria, na hapa historia inasaidia. Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Siri za Serikali mwezi Agosti 1911, wakati ambapo Waingereza walikuwa na wasiwasi mkubwa juu ya majasusi wa Ujerumani, na sheria hiyo ilipitishwa kwa haraka isiyo ya kawaida. Ndani yake mlikuwa na dhana ya mahali palipokatazwa, kama vile ngome, gati za manowari na maghala ya silaha, na pia tafsiri iliyosema kwamba mchoro ni pamoja na picha ya kamera. Fikra hiyo ilisafiri na dola hadi makoloni, na baada ya uhuru nchi zenyewe zikatunga sheria zilizofuata nyayo zake, Kenya ikiwa na Sheria ya Siri za Serikali ya 1968 na Tanzania ikiwa na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970. Kenya ina pia Sheria ya Maeneo Yanayolindwa, Sura ya 204, iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, ambayo haihusu mbuga za wanyama kama jina linavyoweza kumpoteza msikilizaji, bali inampa waziri mamlaka ya kutangaza kwa amri kwamba eneo fulani haliingiwi bila ruhusa.

Neno la kushikilia hapo ni kutangaza. Sheria hizo, hata zile zilizozaliwa na hofu ya ukoloni, hazikusema kwamba kamera imekatazwa kila mahali. Zilisema kwamba mahali fulani patajwe, na mwenye mamlaka ya kupataja naye ajulikane. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikwenda mbele zaidi, kwani ibara ya 33 inalinda uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari, na ibara ya 24 inasema kwamba haki haiwezi kupunguzwa ila kwa sheria, tena kwa kiasi kinachofaa na kinachoweza kutetewa katika jamii huru. Katiba ya Tanzania ya 1977 nayo, katika ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa maoni na wa kutafuta na kupokea habari. Zikiunganishwa, sheria hizi zinatoa kanuni moja ambayo inafaa irudiwe polepole: katazo la kupiga picha ni lazima liwe na mahali pake, liwe na mwenyewe, na liwe na mpaka unaoonekana. Likikosa hayo, linakuwa amri ya mtu binafsi hata kama mtu huyo amevaa sare.

Je, hali ikoje katika utekelezaji? Orodha ya maeneo yaliyotangazwa hukaa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo mpita njia hana desturi ya kulisoma, na bango lililopaswa kumweleza ama halipo, ama limefifia, ama limewekwa ndani ya lango ambako msomaji amekwisha kuingia makosani. Kivuko cha Likoni mjini Mombasa kina sifa ya miaka mingi ya kutopigwa picha, na wenyeji wanalijua hilo kwa kuambiwa na wazazi wao. Mgeni hulijua baada ya kushikwa mkono. Mtu anayeshuka Magogoni, Dar es Salaam, kwenda kuvuka kuelekea Kigamboni, yuko hatua chache tu kutoka Ikulu, na hana njia ya kujua ni mita ngapi kutoka ukuta huo ambapo picha ya mashua inageuka kuwa picha ya makazi ya Rais. Kwa upande mwingine, askari anayepigwa picha kuliko wote jijini humo ni yule wa shaba aliyesimamishwa katika barabara ya Samora mwaka 1927, ambaye ameelekeza bunduki yake bandarini na hajawahi kumkataza mtu yeyote.

Pale ambapo mpaka haujaandikwa, huchorwa upya kila siku na kila mlinzi, na palipo na mpaka wa namna hiyo pana biashara. Wakenya huiita kitu kidogo, na ni vigumu kukana kwamba kosa lisilo na jina wala kifungu ni shamba zuri la kitu kidogo, kwa sababu anayetuhumiwa hawezi kujitetea dhidi ya jambo ambalo halikutajwa, naye ana haraka, na kamera yake ni ya thamani kuliko kiasi anachoombwa. Si walinzi wote walio hivyo, na wengi wao, ambao husimama saa 12 kwa mshahara mdogo, wanatekeleza tu walichoambiwa na msimamizi aliyeambiwa na mwingine. Waswahili husema mjumbe hauawi. Lawama inamstahili aliyemtuma mjumbe bila barua.

Wasikilizaji wapenzi, kuna nchi moja ambayo ililipitia jambo hili hadharani, mahakamani na bungeni, na ni ile ile iliyotunga sheria ya 1911. Sheria ya Ugaidi ya Uingereza ya mwaka 2000, katika kifungu cha 44, iliwapa polisi uwezo wa kumsimamisha na kumpekua mtu yeyote ndani ya eneo lililoidhinishwa, bila kuhitaji kuwa na sababu ya kumshuku. Eneo lililoidhinishwa lilidhaniwa kuwa ni dogo na la muda, lakini tangu Februari 2001 idhini iliyohusu London nzima ilikuwa ikitolewa na kufanywa upya kila baada ya siku 28, wala wananchi hawakutangaziwa. Jiji lote likawa mahali maalumu pasipo jiji kujua. Waliosimamishwa walikuwa wengi, na miongoni mwao walikuwamo wapiga picha wa kila aina, akiwemo mpiga picha wa BBC aliyesimamishwa alipokuwa akipiga jua linalotua karibu na Kanisa Kuu la St Paul's. Februari 2009 kifungu kingine, cha 58A, kilipoanza kutumika na kugusa ukusanyaji wa habari kuhusu polisi na wanajeshi, mamia ya wapiga picha walikusanyika mbele ya makao makuu ya polisi ya London, kila mmoja akiwa na kamera yake, wakawapiga picha polisi waliotumwa kuwatazama.

Kesi iliyovunja ukuta huo ilianza Septemba 2003, pale mwanafunzi Kevin Gillan na mwandishi wa habari Pennie Quinton walipopekuliwa karibu na maonyesho ya silaha mashariki mwa London, naye Quinton akaamriwa aache kupiga picha ingawa alionyesha kitambulisho chake cha uandishi. Mahakama za Uingereza ziliwakatalia hadi ngazi ya juu kabisa, lakini Januari 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, huko Strasbourg, iliamua kwamba uwezo huo ulivunja haki ya faragha kwa kuwa ulikuwa mpana mno na haukuwa na kinga ya kutosha dhidi ya matumizi ya ovyo. Mwezi Julai mwaka huo huo waziri wa mambo ya ndani, Theresa May, aliusimamisha, na sheria ya 2012 ikaweka mahali pake uwezo mwembamba zaidi, ambao idhini yake haizidi siku 14 na haipaswi kulifunika eneo kubwa kuliko linalohitajika. Na mavuno ya uwezo ule wa kale yalikuwa nini? Katika mwaka mmoja wa mwisho wake watu zaidi ya laki moja walisimamishwa chini yake, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekamatwa kwa kosa la ugaidi.

Kwa nini mfano wa London unatajwa katika mazungumzo yanayosikilizwa Afrika Mashariki? Ni kwa sababu unajibu hoja ambayo hutolewa mara kwa mara, kwamba katazo pana zaidi ni usalama mkubwa zaidi. London ilijaribu upana wa mwisho unaowezekana, kwa fedha, mafunzo na polisi wengi kuliko ambao jiji lolote la hapa linaweza kuwa nao, na ilichopata ni hasira ya watu ambao ingewahitaji kama mashahidi. Afisa aliyekuwa akimwandika jina mpiga picha wa machweo alikuwa, kwa dakika hizo, hamwangalii mtu mwingine yeyote.

Sasa mazungumzo yageukie jambo ambalo huwaudhi wapiga picha kuliko kusimamishwa kwenyewe, yaani amri ya kufuta picha. Polisi wa London, katika maelekezo yao wenyewe waliyoyatoa katika miaka hiyo, walisema wazi kwamba afisa hana mamlaka ya kufuta picha wakati wa upekuzi, na sababu yake ni ya kimantiki kiasi kwamba inafaa popote. Ikiwa picha ni ushahidi wa kosa, kuifuta ni kuharibu ushahidi, na anayeifuta anamsaidia mkosaji. Ikiwa picha si ushahidi wa kosa, basi hakuna sababu ya kuifuta. Je, kuna hali ya tatu? Haionekani. Isitoshe, picha iliyofutwa katika kadi ya kamera hubaki humo hadi nafasi yake ijazwe na nyingine, na programu za kuirudisha zinapatikana kwa urahisi, huku simu nyingi zikituma nakala mtandaoni kabla mlinzi hajamaliza kuvuka barabara. Ufutaji wa picha umebaki kuwa ibada ya kuonyesha nani ana nguvu, na ibada hiyo inamfundisha mwananchi somo baya kuhusu walinzi wake.

Mlinzi wa kampuni ana uwezo gani, basi? Sheria za mwenendo wa makosa ya jinai za Kenya na za Tanzania zinamruhusu raia wa kawaida kumkamata mtu katika hali chache, hasa anayetenda kosa zito mbele ya macho yake, kwa sharti kwamba amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Kenya imeongeza Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi ya 2016, ambayo inazitaka kampuni za ulinzi zisajiliwe na walinzi wapate mafunzo. Uwezo wa kumtaka mgeni aonyeshe kitambulisho mlangoni upo. Uwezo wa kuichukua simu ya mtu aliyesimama barabarani na kupekua picha za familia yake haupo. Askari wa kaunti, wale ambao wakazi wa Nairobi huwaita kanjo, na askari mgambo wa miji ya Tanzania, wanasimamia sheria ndogo za halmashauri, ambazo zinaweza kudai kibali kwa upigaji wa filamu na matangazo ya biashara, na mtu anayepiga kwa ajili ya biashara anafaa kuulizia kibali hicho mapema. Kuhusu ndege nyuki, yaani kamera zinazoruka, jibu ni fupi: zina sheria zake za anga, na anayezirusha bila kibali hana hoja.

Upo, hata hivyo, upande ambao katazo lingefaa kusikika na halisikiki. Mlinzi anayelikinga jengo la saruji lisipigwe picha huenda akamtazama bila neno lolote mtu anayempiga picha mama muuza mihogo aliyeketi chini ya kivuli cha jengo hilo hilo, ingawa mama huyo ana uso, ana jina, na ana watoto ambao wataiona picha hiyo mtandaoni yenye maneno ya dhihaka chini yake. Sheria mpya zimeanza kuuona upande huo: Kenya ilitunga Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na zote zinahesabu taarifa zinazomtambulisha mtu kuwa jambo linalohitaji sababu halali. Mwaka 2023 kamishna wa data wa Kenya aliitoza shule moja faini kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na jumba moja la starehe kwa kuchapisha picha ya mteja bila kumuuliza. Mpiga picha anayedai haki zake mbele ya lango la benki, kisha akamnyima muuza mihogo nafasi ya kusema hapana, ameishika sheria kwa mkono mmoja tu. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na katika Lamu, ambako wanawake wengi hawapendi kupigwa picha na watu wasiowajua, adabu ya kuomba kwanza ilikuwapo muda mrefu kabla ya sheria yoyote ya data.

Na picha za barabarani zina thamani gani, kiasi cha kuzungumzwa kwa kirefu namna hii? Mpiga picha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kuanza kazi yake Dar es Salaam, alifungwa gerezani Zanzibar mwaka 1966 kwa sababu ya kamera yake. Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa na kamera Nairobi siku waziri Tom Mboya alipopigwa risasi, Julai 1969, na ndiye ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia, mwaka 1984, ziliamsha misaada ya dunia nzima. Kumbukumbu kubwa ya macho ya Afrika Mashariki katika karne iliyopita ilitengenezwa na watu waliozoea kuambiwa waondoke.

Msikilizaji anayesimamishwa kesho afanye nini? Kwanza asimame, asikimbie, kwani anayekimbia akiwa na kamera mbele ya askari mwenye bunduki anahatarisha zaidi ya picha, na mbele ya kambi ya jeshi au msafara wa kiongozi atii kwanza na aulize baadaye. Akiwa kwenye mali ya mtu binafsi, akubali kuacha au kutoka. Akiwa barabarani, aulize kwa upole ni mahali gani palipokatazwa, ni nani aliyekataza, na kama mkuu wa zamu anaweza kuitwa, kwa sababu mkuu wa zamu mara nyingi anaijua sheria kidogo zaidi na ana woga mdogo kuliko mlinzi aliye chini yake. Akikamatwa Kenya, ibara ya 49 ya Katiba inampa haki ya kuelezwa sababu mara moja kwa lugha anayoifahamu, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 kwa kawaida. Mwandishi wa habari abebe kitambulisho cha kazi, ingawa haki ya kupiga picha barabarani haikuanzishwa na kitambulisho hicho, wala haimhusu mwandishi peke yake.

Wenye majengo, kwa upande wao, wana kazi ndogo ambayo wamewaachia walinzi wasiolipwa kwa ajili yake. Bango moja lililoandikwa kwa Kiswahili, likitaja sheria inayotumika au likikiri kwamba ni sharti la mwenye mali, na likionyesha sharti hilo linaishia wapi, lingemwondolea mlinzi ugomvi wa kila siku na lingemwachia nafasi ya kufanya kazi ambayo wataalamu wa ulinzi huisifu zaidi: kuwaangalia watu, kumsalimia mgeni, kumuuliza anapiga nini, na kumkumbuka yule ambaye amerudi mara ya tatu akitazama saa za walinzi kubadilishana zamu badala ya kutazama jengo.

Yabaki machache kuhusu kamera za upande wa pili. Juu ya lango lile lile ambalo mwanafunzi alikatazwa kulipiga picha, pana kamera ya jengo, ambayo imeelekezwa barabarani na imekwisha kumrekodi yeye, mlinzi, watalii, bibi harusi na mama wa mihogo, bila kumwomba yeyote kati yao. Sheria ya Kenya ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022 zinampa mtu haki ya kumuuliza anayehifadhi taarifa zake ni nini alichonacho na kwa madhumuni gani. Wachache mno wamewahi kwenda mapokezi kuuliza swali hilo kuhusu kamera ya langoni, na taratibu za kulijibu zitakuwa ndizo mada ya mazungumzo yajayo katika saa hii hii.